Muulize Mfasiri: Anayetangaza vita na anayepigana

Toleo lililopita, katikati ya jibu la jambo jingine kabisa, niliandika kwamba "rais wa Marekani haendi vitani mpaka Bunge limruhusu". Sentensi moja, tena ya kupita njia. Barua zimenijia kwa fungu. Wapo waliouliza kwa adabu, wapo walionivaa. Nimestahili. Kwa hiyo mwezi huu methali na misamiati vikae pembeni, tulimalize hili.

Kwa wageni wa safu hii: nilikaa miaka 26 kwenye chumba cha habari cha redio nikitafsiri taarifa za mashirika ya nje, na vita vingi vya Marekani vya kipindi hicho vilipita mezani kwangu kabla havijafika masikioni mwenu. Sheria sikuisomea. Mimi ni mtu wa maneno, na nitawaonyesha kwamba katika ugomvi huu maneno ndiyo yaliyobeba mzigo.

Shikamoo Mzee. Mwalimu wetu wa historia anasema Marekani haijatangaza vita tangu 1942. Wewe umeandika Bunge lao ndilo linalotangaza vita. Sasa Korea, Vietnam na Iraq vilikuwa nini? – Mwanafunzi wa kidato cha sita

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako hajakosea, msalimie. Tangazo la mwisho lilitolewa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania, nchi ambazo hata Wamarekani wengi hawakumbuki kama waliwahi kupigana nazo. Tangu taifa lao lizaliwe, Bunge lao limetoa matangazo 11 tu, katika vita vitano: dhidi ya Uingereza 1812, Mexico 1846, Hispania 1898, kisha vile viwili vya dunia.

Ukitaka kujua mwanya ulipoanzia, rudi Philadelphia, Agosti 17, 1787. Rasimu ya Katiba iliyokuwa mbele ya wajumbe ilisema Bunge ndilo litakalofanya vita. James Madison na Elbridge Gerry wakaomba neno moja tu libadilishwe: mahali pa "kufanya" liwekwe "kutangaza". Nia yao haikuwa mbaya. Walitaka rais abaki na nafasi ya kuzuia shambulio la ghafla. Adui akishuka ufukweni usiku, nani atasubiri wajumbe wapande farasi kutoka majimboni? Mjumbe mmoja wa South Carolina, Pierce Butler, alitaka mamlaka yote ya vita apewe rais. Gerry akamjibu kwamba hakutegemea hata siku moja kusikia, ndani ya jamhuri, hoja ya kumpa mtawala peke yake uwezo wa kutangaza vita.

Basi neno likabadilishwa. Sasa sisi tuliokaa redioni tunalijua vizuri neno "kutangaza". Mtangazaji wa mpira hachezi mpira. Anakwambia mpira unachezwa. Marais waliofuata walilisoma neno hilo kama mimi: wewe Bunge tangaza, mimi nacheza. Ibara ya pili ya Katiba inamwita rais amiri jeshi mkuu, na amiri jeshi ana jeshi tayari mkononi.

Harry Truman alilipeleka jeshi Korea mwaka 1950 bila kura hata moja ya Bunge. Kwa kuwa Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa azimio, ikaitwa operesheni ya kipolisi. Miaka mitatu ya kipolisi, Wamarekani zaidi ya 36,000 wamekufa, na idadi ya Wakorea sitaki hata kuianza.

Vietnam na Iraq ni habari nyingine kidogo. Kule Bunge lilipiga kura, ila lilichotoa ni kibali. Agosti 1964 serikali ilisema manowari zake zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin, tarehe 2 na tarehe 4. Tarehe 7 Bunge likapitisha azimio la kumruhusu rais Johnson achukue "hatua zote zinazohitajika": kura 416 kwa sifuri kwenye Baraza la Wawakilishi, 88 kwa 2 kwenye Seneti. Baadaye ikajulikana kwamba shambulio la tarehe 4 halikuwepo. Kibali kilikuwa kimekwisha kugongwa muhuri. Iraq vilevile, Oktoba 2002: 296 kwa 133, na 77 kwa 23.

Katika kuruhusu mapigano, kibali kina nguvu ya sheria sawasawa na tangazo. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi hakina tarehe ya kuisha. Kile cha Septemba 2001, baada ya mashambulio ya New York na Washington, sentensi yake ya msingi ina maneno 60 kwa Kiingereza. Hakitaji nchi, hakitaji kundi, hakisemi lini mwisho. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliamua kwamba kibali hichohicho kinawahusu al-Shabaab wa Somalia, kundi ambalo mwaka 2001 lilikuwa halijazaliwa.

Kaka Mfasiri, nasikia ipo sheria inayompa rais siku 60 tu za kupigana. Siku hizo nani anazihesabu, na zinaanza lini? – Mama muuza vitabu

Dada, umeniuliza swali ambalo linanidai tangu 1998. Nitalilipa, lakini kwanza sheria yenyewe.

Mwaka 1973 Bunge lilikuwa limechoka. Lilikuwa limegundua kwamba ndege za Rais Nixon zilikuwa zikiipiga Kambodia kwa siri tangu 1969, huku vitabu vya kijeshi vikiandikwa uongo kuonyesha mabomu yameanguka Vietnam. Likatunga Azimio la Mamlaka ya Vita. Nixon akalipiga kura ya turufu, yaani akakataa kulitia saini, Oktoba 24. Novemba 7 mabaraza yote mawili yakaivuka turufu yake: 284 kwa 135, na 75 kwa 18. Ndiyo sheria hiyo unayoisikia.

Kwenye karatasi inaeleweka. Rais ashauriane na Bunge kabla, kila inapowezekana. Akishaingiza jeshi kwenye mapigano, au mahali ambapo mapigano yananukia, aliandikie Bunge ndani ya saa 48. Ripoti hiyo inawasha saa. Siku 60 zikipita bila Bunge kuridhia, jeshi litoke, na akihitaji kuliondoa kwa usalama anaongezewa 30. Saa inahesabu hata kama ripoti haikuletwa, maadamu ilipaswa kuletwa.

Sasa deni langu. Agosti 7, 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Tarehe 20 makombora ya Bill Clinton yakapiga kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum, na kambi za Afghanistan. Kesho yake, nikiwa zamu ya usiku, ikaingia habari kwamba rais ameliandikia Bunge barua. Nikaandika: "Rais Clinton ameliarifu Bunge kwa mujibu wa Azimio la Mamlaka ya Vita." Ikasomwa, nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Miaka kadhaa baadaye niliipata barua yenyewe, nikaisoma neno kwa neno kama ninavyopenda kuzisoma karatasi za zamani. Haikusema "kwa mujibu wa". Ilisema "kwa namna inayooana na". Nikatafuta nyingine za marais wengine. Zote zinaoana! Hakuna anayesema "kwa mujibu".

Utaniambia hizo ni pilipili za shamba, zakuwashiani? Zinawasha, dada. Ukisema kwa mujibu wa sheria, umekiri sheria imekubana. Ukisema barua yako inaoana na sheria, umesema umefanya ulivyotaka na kwa bahati njema mmekutana njiani. Ni kijana aliyerudi nyumbani saa mbili usiku akamwambia baba yake: nimerudi saa uliyoitaka, ila usidhani ni kwa sababu uliitaka. Na kuna kifungu kidogo ndani ya sheria kinachotaja ripoti ya kuwasha saa. Katika ripoti zote zilizotumwa, ni moja tu iliyokitaja kwa namba yake, ya Gerald Ford, Mei 1975, alipotuma askari kuikomboa meli ya mizigo Mayaguez iliyokamatwa na Wakambodia. Na wakati Bunge linaisoma, shughuli ilikuwa imekwisha. Saa iliwashwa wachezaji wakiwa wameshaoga.

Marais wengi tangu Nixon, wa vyama vyote viwili, wamekuwa na shaka kama sheria hii inapatana na Katiba, na hakuna aliyeitii kwa moyo mkunjufu.

Ila mchezo mkubwa wa maneno ulichezwa mwaka 2011. Machi 19 Barack Obama alianza kuipiga Libya. Siku ya kwanza tu Marekani na Uingereza zilirusha makombora zaidi ya 100. Bunge halikupiga kura. Mei 20 siku 60 tangu aliandikie Bunge zikatimia. Tukangoja. Juni wanasheria wake wakaja na jibu: saa haikuwahi kuwaka, kwa sababu yanayotokea Libya si yale yanayotajwa na sheria.

Neno lililomo kwenye sheria ni lile la Kiingereza, "hostilities", ambalo mimi nimewahi kulitafsiri kwa njia tatu: uhasama, mapigano, mapambano. Mhariri wangu aliniita mezani kwake, kalamu mkononi. Akasema: "Jana uliandika mapigano, leo umeandika uhasama. Chagua." Nikamweleza kwamba ugomvi wenyewe ndio huo. Ukisema uhasama, hata majirani wasiosalimiana wanao. Ukisema mapigano, lazima pande mbili zirushiane. Na hoja ya Harold Koh, mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyekwenda kuitetea mbele ya kamati ya Seneti, iliegemea hapo hapo: Wamarekani hawana askari ardhini, Walibya hawana namna ya kuwapiga, hakuna kurushiana risasi kwa maana hasa, kwa hiyo hayo si yale. Wanasheria wa Pentagon na wa Wizara ya Sheria walikuwa wameshauri vingine. Rais akawachagua waliompa jibu alilolihitaji.

Mhariri akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo nikimpiga mtu aliyefungwa kamba, hatujapigana." Nikaandika "operesheni za kijeshi", tukaenda hewani.

Kwa hiyo jibu la swali lako: siku anazihesabu yule yule zinayembana, na zinaanza pale anapokubali kwamba zimeanza.

Mheshimiwa Mfasiri, chukulia rais amekaidi na Bunge likapiga kura kumwambia toa jeshi. Kura ya Bunge haimfungi? – Wakili mchanga

Msomi, ilikuwa inamfunga. Kamba ilikatwa mwaka 1983, na sababu ya kukatwa haihusiani na vita hata chembe. Vuta kiti.

Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya enzi za ukoloni, wazazi wake wakiwa Wahindi. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kusoma, na pasipoti ya Uingereza mkononi. Viza yake ilipokwisha mwaka 1972 alijikuta hana kwa kwenda: Kenya, iliyokwishapata uhuru, haikumtambua kuwa raia wake, na Uingereza nayo ilimpiga danadana. Akaomba abaki. Jaji wa uhamiaji akamkubalia.

Lakini sheria ya wakati ule ilikuwa imeliwekea Bunge kijimlango cha nyuma: baraza moja tu likipiga kura, uamuzi wa aina hiyo unafutwa, bila kupeleka karatasi kwa rais. Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi likapitisha orodha ya watu sita wasioruhusiwa kubaki, Chadha akiwemo. Hapakuwa na mjadala wa maana wala kura za kuhesabiwa majina. Kijana akaenda mahakamani. Kesi ikatambaa hadi Mahakama ya Juu, na Juni 23, 1983 majaji 7 kwa 2 wakampa ushindi: Bunge likitaka kuamuru jambo lenye nguvu ya sheria, lipite mabaraza yote mawili na kisha lipelekwe kwa rais atie saini au apige turufu. Hakuna mlango wa nyuma.

Hukumu haikuwa na habari na vita. Ila Jaji Byron White, aliyepinga, alionya kwamba vifungu karibu 200 vya sheria mbalimbali vinaanguka kwa pigo moja, na Azimio la Mamlaka ya Vita lilikuwa miongoni mwake. Maana azimio lile liliwapa wabunge mlango uleule: mabaraza mawili yakikubaliana kwa wingi wa kawaida, rais anatoa jeshi, hana turufu. Baada ya Chadha, anayo.

Ona ilivyofika. Machi na Aprili 2019 Bunge lilipiga kura kuondoa Marekani katika vita vya Saudi Arabia kule Yemen. Seneti 54 kwa 46, Wawakilishi 247 kwa 175. Ni mara ya kwanza azimio la kutoa jeshi chini ya sheria ile kupita mabaraza yote mawili. Donald Trump akalipiga turufu Aprili 16. Seneti ikajaribu kuivuka ikapata 53 kwa 45, ilhali zinatakiwa theluthi mbili. Basi. Mwaka uliofuata, baada ya kuuawa kwa Jenerali Qassem Soleimani wa Iran, hadithi ikajirudia hatua kwa hatua: azimio, turufu, theluthi mbili haikupatikana. Juni 2025, baada ya ndege za Marekani kupiga vituo vya nyuklia vya Iran, azimio la Seneta Tim Kaine halikufika hata huko. Lilianguka Seneti kwa kura 47 kwa 53.

Hesabu hii, Msomi, ndiyo ninayotaka uikate na uibandike ukutani. Waasisi walitaka vita vianze pale tu wengi wamekubali. Leo rais anaanza peke yake, na kumsimamisha kunahitaji theluthi mbili za kila baraza. Rais na maseneta 34 wanatosha kuendesha vita ambavyo wenzao 66 hawavitaki. Ile sentensi yangu ya toleo lililopita nilipaswa kuiandika kinyumenyume.

Mzee, acha kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Bunge la Marekani ni pambo. Sema hivyo tuendelee na mambo mengine. – Dereva mstaafu wa masafa marefu

Karibu nikubaliane nawe, mzee mwenzangu, lakini umepita kituo kimoja bila kusimama, nacho ni cha mafuta. Gari la jeshi linakwenda kwa fedha, na Katiba yao inasema fedha za jeshi la nchi kavu haziidhinishwi kwa zaidi ya miaka miwili kwa mpigo. Mkoba anao Bunge.

Na kuna siku liliufunga kweli. Kiangazi cha 1973, Nixon alipotaka kuendelea kuipiga Kambodia, Bunge lilikata fedha za mapigano katika Indochina yote, yaani Vietnam, Laos na Kambodia, kuanzia Agosti 15. Alipiga turufu jaribio la kwanza. Kisha wakaambatanisha katazo na fedha ambazo serikali nzima ilizihitaji, akatia saini. Agosti 15 mabomu yakanyamaza, na hakuna mwanasheria aliyejitokeza kubishana maana ya neno.

Kisha Somalia. Oktoba 3, 1993 nilikuwa kazini habari za Mogadishu zilipoanza kuingia vipande vipande: helikopta mbili zimeanguka, askari wamezingirwa, kesho yake miili inaburutwa barabarani. Wamarekani 18 walikufa, na Wasomali mamia. Clinton mwenyewe alitangaza kuwa jeshi litaondoka ifikapo Machi 31, 1994. Seneta Robert Byrd wa West Virginia, mzee aliyekuwa na mazoea ya kutembea na kijitabu cha Katiba mfukoni, hakuridhika na ahadi ya mdomo. Bunge likaigongomea tarehe ileile kwenye sheria ya bajeti ya ulinzi: baada ya hapo, fedha za operesheni hakuna. Jeshi likatoka kabla ya tarehe.

Kwa hiyo pambo si sahihi. Panga wanalo. Wanaogopa kulishika, na hilo ndilo linalonikera kuliko turufu zote za marais. Mwaka 1999 Clinton anaipiga Yugoslavia kwa ajili ya Kosovo. Aprili 28 Baraza la Wawakilishi linakaa kuamua. Tutangaze vita? Hapana, 2 kwa 427. Tutoe jeshi? Hapana, 139 kwa 290. Basi turuhusu mashambulio ya ndege? Kura 213 kwa 213. Sare, na hoja inayotoka sare imeanguka.

Niliitafsiri hiyo nikampelekea mhariri wa zamu. Karatasi ikarudi imezungushiwa wino mwekundu: "Hesabu zako angalia. Bunge haliwezi kutoka sare juu ya vita." Nikampelekea telegramu yenyewe ya Kiingereza. Akacheka mpaka akavua miwani. Ndoa wamekataa, talaka wamekataa, na mwezi uliofuata wakaidhinisha fedha za ziada za harusi. Vita vilikwenda siku 78. Siku ya 60 ilipita katikati kimyakimya.

Kwa nini wanakwepa? Kwa sababu kura ya vita inaandikwa jina, na jina halifutiki. Hillary Clinton alisema ndiyo kwa Iraq mwaka 2002, na mwaka 2008 Obama alimsimanga nayo kampeni nzima ya mchujo. Mbunge asiyeulizwa hana cha kujibia: vita vikienda vyema atapiga picha na askari, vikiharibika atasema rais hakutushirikisha. Na Obama huyohuyo, aliyepanda kwa kura ya wenzake ya 2002, ndiye aliyeipiga Libya miaka miwili na ushei baada ya uchaguzi bila kuomba kura ya mtu.

Babu, kwani mahakama ziko wapi? – Kijana wa chuo

Mjukuu, zipo, ila siku hizi zinaangalia pembeni. Wabunge walioshtaki juu ya Kosovo, wakiongozwa na Tom Campbell wa California, waliambiwa hawana sifa ya kufungua shauri. Kama Bunge limeshindwa kutumia meno yake, majaji hawataliazima yao.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1799, Marekani na Ufaransa zikikwaruzana baharini, Bunge lilitunga sheria ya kuruhusu kukamatwa kwa meli za Kimarekani zinazokwenda bandari za Kifaransa. Maagizo ya serikali ya Rais John Adams kwa manahodha yakaongeza: zinazokwenda au zinazotoka. Nahodha George Little akaikamata Flying Fish, ikitoka Jérémie, bandari ya Haiti ya leo. Ikabainika ni ya Mdenmark. Kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1804. Jaji Mkuu John Marshall aliandika waziwazi kwamba mwanzoni moyo wake ulitaka kumwachia nahodha, kwa kuwa alitii amri. Kisha akabadili mawazo: Bunge lilisema zinazokwenda, halikusema zinazotoka, na amri ya rais haiwezi kuhalalisha kilichokatazwa. Nahodha akaamriwa kulipa fidia.

Neno moja tu: "kutoka". Unaona kwa nini nilikuwa natokwa jasho zamu za usiku.

Mzee, kuna mbunge yeyote wa kule aliyewahi kusimama peke yake kabisa akasema hapana? – Msomaji wako wa miaka mingi

Wapo wawili, na wote ni wanawake. Barbara Lee wa California alikuwa kura moja dhidi ya 420 kwa kile kibali cha 2001 nilichokitaja hapo juu. Alisema hakipaswi kuwa hundi isiyoandikwa kiasi. Vitisho vya kuuawa vilipomzidi, akawekewa walinzi.

Wa kwanza ni Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge lao. Mwaka 1917 alikataa vita na Ujerumani, lakini siku ile walikuwa 50. Akatoka bungeni, akarudi miaka zaidi ya ishirini baadaye, na Desemba 8, 1941, siku moja baada ya Pearl Harbor, akajikuta tena mbele ya swali lilelile. Wenzake walimsihi angalau akae kimya, asipige kura yoyote. Matokeo: 388 kwa 1. Umati ulimzonga akitoka ukumbini, akaingia kwenye kibanda cha simu, akafunga mlango, akawapigia polisi wa Bunge waje wamsindikize hadi ofisini kwake.